Skani ya nyuklia baada ya upasuaji: kusoma doa lililokaa pasipo pake

Mgonjwa ametoka Likoni alfajiri, amevuka feri, amepanda treni Miritini, na kesho yake yuko kwenye kitanda cha kamera ya gama Nairobi akiwa na fomu ya maneno sita: "Skani ya mifupa, saratani ya titi." Hakuna aliyeandika kwamba titi la kushoto liliondolewa miezi mitatu nyuma. Picha inatoka, mbavu za kushoto zinang'aa kuliko za kulia, na msomaji ambaye hakumwona mgonjwa anaandika kwamba huenda saratani imeingia mifupani. Mgonjwa anarudi Mombasa na barua inayomnyima usingizi, kumbe hana kitu.

Kamera haioni kisu kilipopita. Inahesabu mionzi inayotoka mwilini, basi. Nayo dawa nururishi, yaani dawa yenye mionzi anayochomwa mgonjwa, hufuata mwendo wa damu, nyongo, mkojo na limfu, au hujishika kwenye mfupa unaojijenga na seli zinazokula sukari kwa kasi. Upasuaji hugusa karibu vyote hivi. Kidonda kinachopona huvuta damu, mrija uliohamishwa hupeleka dawa pengine, kiungo kilichotolewa huacha pengo au huacha njia wazi kwa mionzi, chuma na saruji huzuia, na dawa za thieta zenyewe, kuanzia mofini hadi iodini ya kusafishia, hubadili matokeo.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza doa ni la ugonjwa gani, pata majibu manne. Kilikatwa au kilihamishwa nini? Tarehe gani hasa? ("Hivi karibuni" si tarehe.) Leo kuna mrija gani mwilini: katheta ya mkojo, dreni ya kutoa maji ya kidonda, stenti ya kushikilia njia wazi, mfuko wa stoma (tundu la tumboni)? Na sindano ya dawa itachomwa wapi? Fomu nzuri haizidi mistari miwili: "Titi la kushoto na tezi za kwapa ziliondolewa 12 Machi. Hajapigwa miale. Mkono wa kushoto umevimba. Sindano ichomwe wa kulia." Mgonjwa asiyejua alifanyiwa nini, mtazame makovu, kisha piga simu wodi iliyomtoa, kwa kuwa rekodi ya thieta ina jina la operesheni. Na uliza faraghani. Mama mtu mzima mbele ya mkwewe atasema tu alifanyiwa "kidogo kifuani", wala hatalitaja titi.

Mbavu za upande mmoja zinang'aa kuliko za pili

Hili ndilo tatizo la huyo mgonjwa wa treni. Mionzi ya teknetiamu-99m, inayotiwa katika dawa nyingi za skani hizi, ina nguvu ya keV 140, na nyama au mafuta ya unene wa sentimita 4.6 hivi hukata nusu yake. Titi likiwepo, mbavu zilizo nyuma yake huonekana hafifu kidogo. Likiondolewa, pazia limetoka, na mbavu zilezile zenye dawa ileile huonekana zimekolea.

Namna ya kuhakikisha ni rahisi: tazama picha ya mgongoni. Kwa nyuma titi halina kazi, hivyo tofauti ya pazia hupotea na mbavu huwa sawa pande zote mbili. Tofauti ikibaki hata kwa nyuma, tafuta sababu nyingine. Tazama pia umbo. Ukosefu wa titi hukoleza mbavu kadhaa kwa pamoja, taratibu, bila mpaka mkali. Saratani mara nyingi huwa doa, au mstari unaofuata urefu wa ubavu mmoja. Mbavu tatu au nne zenye doa dogo dogo zilizopangana mstari mmoja wa juu na chini kwa kawaida ni jeraha: mtu alianguka, au alikandamizwa.

Kinyume chake nacho hutokea. Sehemu ya mbavu ina kivuli cha giza, mviringo na mpaka safi. Mgonjwa yumo ndani ya sidiria yenye titi bandia la silikoni, na hakuna aliyemwambia alitoe. Mpe leso ajifunge, toa kila kitu kifuani, piga tena. Hakuna haja ya sindano ya pili maana dawa bado imo.

Mkono uliovimba baada ya tezi za kwapa kuondolewa utaonyesha dawa iliyotapakaa kwenye nyama, kwa sababu maji ya limfu hayatoki mkononi vizuri. Hiyo ni kawaida yake. Lakini tezi moja inayowaka kwenye kwapa la upande wa sindano ni jambo jingine kabisa: dawa ilivuja nje ya vena, ikazolewa na limfu, ikakwama kwenye tezi. Angalia mahali pa sindano. Kama panawaka vikali, umepata jibu. Ndiyo maana sindano huchomwa mkono usiofanyiwa upasuaji. Matiti yote mawili yakiwa yameondolewa pamoja na tezi za kwapa, tumia mguu na uandike.

Doa kando ya nyonga au goti bandia

Dawa ya mifupa, MDP kwa kawaida, hushika mahali mfupa unapojengwa, na mfupa uliochongwa ukawekwa chuma hujengwa kwa muda mrefu. Ndiyo maana tarehe ina uzito kuliko doa lenyewe. Nyonga iliyowekwa kwa saruji kwa kawaida hutulia ndani ya mwaka mmoja hivi. Isiyo na saruji, ambayo mfupa wenyewe hutakiwa kukua na kuishika, inaweza kuendelea kuwaka miaka 2 na zaidi, hasa kwenye ncha ya shina ndani ya fupa la paja. Goti hukawia hata zaidi. Skani ya mifupa kwa goti bandia la miezi 8 linalouma haitakupa jibu la maana ikionyesha mwako. Ikiwa haionyeshi kitu, hapo imekusaidia, maana ni vigumu kipandikizi kilicholegea au chenye usaha kikaonekana kitulivu kabisa.

Piga kwa hatua tatu. Kamera iwe juu ya kiungo kabla ya sindano, ichukue picha kila sekunde 2 au 3 kwa dakika moja ya mwanzo. Hatua ya pili ni picha ya damu kwenye nyama, ndani ya dakika 10. Ya tatu ni baada ya saa 2 hadi 4. Mwako unaokuja hatua ya tatu peke yake, kwenye ncha ya shina na kwenye vinundu vya juu vya fupa la paja (trokanta), unaashiria kipandikizi kulegea. Mwako wa hatua zote tatu unaozunguka chuma chote unatia shaka ya usaha, lakini hauuthibitishi, kwa sababu mfupa uliopasuliwa majuzi hufanya vivyo hivyo.

Hapo ndipo huitwa chembe nyeupe za damu. Mgonjwa hutolewa damu mililita 40 hadi 50, chembe nyeupe hutengwa na kutiwa dawa nururishi katika maabara safi, kisha hurudishwa mwilini. Tatizo lake: chembe hizo huenda kwenye uboho pia, na shina la nyonga bandia linapogongwa ndani ya fupa husukuma uboho na kuurundika mahali usipotarajiwa. Picha inaonyesha rundo kando ya chuma na mtu anasema usaha. Dawa ya mtego huu ni skani ya pili kwa koloidi, chembe ndogo mno zenye mionzi, ambayo huonyesha uboho lakini haiendi kwenye usaha. Zilinganishe. Mahali penye chembe nyeupe na koloidi kwa pamoja ni uboho uliosukumwa. Penye chembe nyeupe bila koloidi ndipo pa kutilia shaka ya maambukizi. Anayeomba nusu ya kipimo hiki ili kupunguza gharama anapoteza gharama yote.

Mwako ulio ndani ya misuli kuzunguka nyonga, si kwenye mfupa, mara nyingi ni mfupa unaoota nyamani baada ya upasuaji. Eksirei ya kawaida huanza kuuona wiki kadhaa baada ya skani kuuona.

Mifupa mingine ipitie haraka. Kidari kilichopasuliwa kwa ajili ya moyo huwaka mstari wa katikati kwa miezi. Ubavu uliokatwa au kubanuliwa ili kufika pafuni huwaka kwa urefu. Fuvu lililofunguliwa huonyesha duara linalofuata ukingo wa kipande kilichorudishwa, na duara kamili namna hiyo halitengenezwi na saratani. Ukingo wa nyonga ulikotolewa kipandikizi cha mfupa huacha pengo lenye mdomo unaowaka. Na taya: uliza kama aling'olewa jino, kwani wagonjwa hawahesabu hiyo kuwa operesheni.

Dawa imejaa mahali pasipo kibofu

Katika skani ya mifupa karibu nusu ya dawa hubaki mifupani na iliyobaki hutoka kwa mkojo. Kwa hiyo popote mkojo ulipo, patawaka. Doa kubwa chini kulia mwa tumbo kwa mtu aliyeondolewa kibofu ni kipande cha utumbo alichotengenezewa mkojo upitie. Mfuko wa ngozini utawaka, na mrija kutoka kwenye figo utawaka njia nzima.

Kosa la kawaida hapa ni la mkono wala si la kusoma. Mfuko uliojaa hukaa juu ya nyonga na kufunika mfupa. Umwage kabla tu ya picha, au uunganishe na mrija mrefu unaoshuka hadi mfuko wa chini ili mkojo usirundikane. Mfuko wa katheta usilazwe kati ya mapaja. Uning'inie pembeni, nje ya eneo la kamera. Ukibaki na shaka, piga picha ya ubavuni au SPECT (kamera huzunguka mwili na kutoa picha ya kina): mfuko uko mbele ya ngozi, mfupa uko ndani. Na tone moja la mkojo kwenye nguo lina mwako wa kutosha kujifanya doa la fupa la paja. Abadilishe nguo, oshe ngozi, piga tena. Lililohama halikuwa mfupa.

Maji ni muhimu. Nusu lita kati ya sindano na picha, na nyingine baada ya picha, ni kiasi kinachofaa kwa mtu mzima ambaye moyo na figo hazijamkataza. Kwa joto la pwani mgonjwa mara nyingi hufika ameshakauka, na mifupa hutoka hafifu huku nyama ikiwa na ukungu. Kwa skani ya mifupa madafu ni sawa tu. (Kwa PET, skani ya sukari, si sawa hata kidogo, tutafika.)

Figo moja tu ikionekana, na ni kubwa, uliza kama ya pili ilitolewa kabla hujaandika "figo haifanyi kazi". Figo ya kupandikizwa iko kwenye kinena cha juu, kwa hiyo kamera huwekwa mbele, si mgongoni. Siku za mwanzo baada ya kupandikizwa, figo inayopokea damu vizuri, inayoikusanya dawa lakini haiitoi, kwa kawaida ni figo iliyochoka kwa kukosa damu wakati wa uhamisho, nayo hupona. Ikiwa kuna uvimbe kando yake, endelea na picha hadi saa 2 au 4 baada ya sindano. Uvimbe unaoanza giza kisha ukajaa dawa ni mkojo unaovuja. Unaobaki giza ni limfu au damu iliyoganda. Mwenye stenti kati ya figo na kibofu aachiwe katheta wazi wakati wa kipimo, vinginevyo mkojo hurudi juu kupitia stenti na figo nzima itaonekana kana kwamba imeziba.

Nyongo haifiki utumbo, au imefika kusikotakiwa

Hapa ndipo picha ya nyuklia humsaidia mpasuaji kwa haraka zaidi, na ndipo fomu isiyotaja upasuaji hudhuru zaidi. Mgonjwa aliyetolewa kifuko cha nyongo siku 4 zilizopita ana homa, tumbo linamuuma, dreni inatoa maji ya kijani au haitoi kitu. Swali ni moja: nyongo inavuja?

Dawa ni mebrofenini yenye teknetiamu-99m, megabekereli (kipimo cha mionzi) 111 hadi 185 kwa mtu mzima, na zaidi kidogo kwa mwenye manjano. Ini huichukua kutoka kwenye damu na kuitoa kwenye nyongo, nayo huonekana utumboni ndani ya saa moja.

1. Kuanzia sindano, picha moja kila dakika kwa dakika 60, kamera mbele, eneo lianzie juu ya ini hadi nyonga. Anayepiga ini peke yake hataona nyongo iliyoshuka.
2. Dreni ziandikwe: iko wapi, inatoka wapi, iko wazi au imefungwa. Mfuko mpya uwekwe mwanzoni.
3. Dakika ya 60, picha ya ubavu wa kulia na ya chini ya tumbo.
4. Mgeuze alalie ubavu wa kulia kwa dakika chache, piga tena. Kilichovuja hufuata uzito.
5. Mwisho weka mifuko ya dreni mbele ya kamera. Mfuko unaowaka una nyongo.
6. Usipoona kitu na shaka ipo, rudi saa 4 baada ya sindano, na ikibidi baada ya saa 24. Baada ya saa 24 teknetiamu imebaki sehemu 1 ya 16, hivyo picha itahitaji muda mrefu.

Sasa mitego. Wa kwanza ni wa aibu: nyongo iliyovuja hukusanyika palepale kifuko kilipokuwa. Doa la mviringo chini ya ini, limejaa dawa, limekaa vizuri. Msomaji asiyejua habari za upasuaji huandika "kifuko cha nyongo kimejaa kama kawaida". Kifuko kiko kwenye chupa ya maabara. Kilichoonekana ni uvujaji.

Wa pili ni ini linalofifia kisha linarudi kukolea. Ini halipokei dawa mara ya pili. Nyongo imepanda ikazunguka juu yake, chini ya kiwambo.

Wa tatu ni mofini. Dawa kali za maumivu za jamii hiyo hubana mlango wa mrija wa nyongo unapoingia utumboni, na picha huwa ya mrija ulioziba. Acha saa 6 hadi 12 tangu dozi ya mwisho kama hali ya mgonjwa inaruhusu, na andika saa aliyopewa. Mlango uliobanwa hivyo pia huongeza shinikizo nyuma yake, hivyo uvujaji uliopo huonekana mkubwa kuliko ulivyo.

Wa nne, mrija wa T, ule unaowekwa kwenye njia ya nyongo na kutokea nje ya ngozi, ulioachwa wazi. Nyongo yote hutokea nje, utumbo hauonekani, na ripoti husema mrija mkuu umeziba. Mwombe mpasuaji ruhusa ya kuufunga kwa muda wa kipimo. Akikataa, heshimu, kisha andika kwamba ulikuwa wazi.

Wa tano humpata aliyeunganishwa utumbo upya baada ya kukatwa tumbo au kongosho. Kipande cha utumbo kinachopokea nyongo kimefungwa upande mmoja, hujaa polepole, na kwenye picha huwa kama dimbwi kando ya ini. Tofauti ni kwamba utumbo husogea. Mwambie asimame, atembee ukumbini, anywe maji kama anaruhusiwa, kisha piga tena baada ya nusu saa. Dimbwi lililosogea na kuchora umbo la utumbo si uvujaji. Lililobaki, likatanuka bila umbo kuelekea pembeni mwa tumbo, ni uvujaji.

Pafu moja tu ndilo linaonekana

Skani ya damu ya mapafu hutumia chembe za albumini, MAA, zenye ukubwa wa mikromita 10 hadi 90 hivi, zinazokwama kwenye vishipa vidogo vya mapafu. Mtu mzima hupewa chembe 200,000 hadi 700,000. Aliyeondolewa pafu moja apewe kidogo, 100,000 hadi 200,000, maana vishipa vyake vimepungua. Watoto nao wana kiasi chao.

Ikiwa pafu zima halionekani, sababu ya kwanza ya kuuliza ni kama lipo. Ya pili huwapata watoto waliofanyiwa upasuaji wa kasoro ya moyo waliyozaliwa nayo. Katika operesheni ya Glenn, vena kubwa ya juu huunganishwa moja kwa moja na ateri ya mapafu. Kwa namna yake ya zamani, damu ya mikono na kichwa huenda pafu la kulia peke yake. Choma mkono, utaona pafu la kulia tu. Choma mguu, utaona hadithi nyingine. Mtoto yuleyule, siku ileile, ripoti mbili zinazopingana, na zote ni sahihi! Aliyefanyiwa Fontan, ambapo damu ya chini nayo huelekezwa moja kwa moja mapafuni, pia damu yake ya juu na ya chini inaweza kugawanyika bila usawa. Gawa dozi: nusu mkononi, nusu mguuni, piga picha baada ya kila moja, na ripoti itaje mahali pa sindano kabla ya kutaja asilimia.

Figo zikionekana kwenye skani ya mapafu, tazama kichwa. Ubongo ukiwaka, chembe zinapita upande wa kulia kwenda wa kushoto bila kupitia mapafu. Ubongo ukiwa giza lakini tezi ya shingo na tumbo vinawaka, teknetiamu imejitenga na chembe zake: kosa ni la chupa, si la moyo.

Iodini haikushika, au imeshika kifuani

Baada ya tezi ya shingo kuondolewa kwa saratani, iodini-131 hutumika kutafuta na kuua mabaki. Mabaki madogo shingoni ni ya kawaida hata kwa mpasuaji hodari, na mwako wake unaweza kuchanua kama nyota na kufunika jirani. Tezi za mate, tumbo, utumbo na kibofu huonekana kwa kila mtu.

Kama hakuna kitu shingoni kabisa, usishangilie upesi. Huenda mwili umeshiba iodini. CT (eksirei ya kompyuta ya vipande vipande) yenye dawa ya mishipa kabla ya operesheni hushibisha kwa wiki 6 hadi 8. Povidoni-iodini inayooshea kidonda kila siku nayo huingia mwilini, na hii husahauliwa mno kwa sababu muuguzi wa kliniki ya mtaani haoni uhusiano wowote. Mwambie atumie maji safi yaliyochemshwa au dawa nyingine ya vidonda isiyo na iodini. Chumvi ya jikoni Kenya ina iodini kwa sheria. Chakula cha Mombasa kinaongeza juu yake: samaki wa bahari, kamba, ngisi. Wiki 1 hadi 2 kabla ya dawa ajiepushe navyo, pamoja na chumvi ya pakiti. Kunde, mbaazi za nazi zisizo chumvi ya iodini, wali, viazi na matunda havina neno.

Pia pima TSH, homoni inayoiamsha tezi ya shingo: isipofika 30 seli hazina njaa ya iodini. Vidonge vya thairoksini husimamishwa wiki 3 hadi 4 kwa agizo la daktari, si kwa kukadiria.

Mwako kifuani humtia mtu hofu ya mapafu. Uliza kama aliwahi kuondolewa umio. Katika operesheni hiyo tumbo huvutwa juu hadi kifuani, na tumbo hushika iodini popote liwekwapo. Mwenye tundu la kupumulia shingoni: kohozi na mate yenye iodini hukauka kwenye mrija na kitambaa. Badilisha vyote, futa ngozi, piga tena.

Aliyepewa dozi ya tiba hapaswi kukaa saa 5 au 6 kwenye treni bega kwa bega na mjamzito au mtoto. Siku ya kurudi Mombasa, na anakaaje safarini, hupangwa na kitengo kilichompa dawa kabla hajaimeza.

PET inawaka kidonda kizima

FDG, dawa ya PET, ni aina ya sukari yenye mionzi. Seli za saratani huipenda, na seli zinazosafisha kidonda huipenda vilevile. Subiri takriban wiki 6 baada ya upasuaji mkubwa, na miezi 2 hadi 3 baada ya miale. Ikibidi kupiga mapema, msomaji apewe tarehe ili asiuhesabu mshono.

Vipo vinavyowaka kwa muda mrefu zaidi ya hapo. Poda ya talki iliyotiwa kifuani kuzuia maji yasirudi inaweza kuwaka miaka mingi. CT ya pamoja huionyesha kuwa nyeupe na nzito, na hilo ndilo jibu. Wavu wa henia, mshipa bandia na ukingo wa stoma huwaka kiasi, kwa usawa. Kamba moja ya sauti ikiwaka baada ya upasuaji wa shingo, angalia upande wa pili: mshipa wa fahamu uliojeruhiwa umeipoozesha kamba moja, na nzima ndiyo inayofanya kazi ya wawili. Si saratani ya koo. Ovari iliyohamishwa pembeni kuikinga na miale hujifanya tezi. Na chuma hudanganya hesabu za CT, hivyo picha ya PET iliyorekebishwa kwa hesabu hizo huzidisha mwako pembeni yake. Fungua ile isiyorekebishwa. Mwako ukipotea humo, ulitengenezwa na kompyuta.

Matayarisho: saa 6 bila chakula, maji matupu tu. Chai ya sukari, mahamri na madafu vyote vinaharibu. Sukari ya damu iwe chini ya 11 mmol/L kabla ya sindano. Baada ya sindano alale kimya, asiongee, asitafune bigijii wala muguka, kwa kuwa taya inayofanya kazi hula sukari na kuwaka. Nusumaisha ya florini-18 iliyomo ndani ya FDG, yaani muda wa mionzi yake kupungua nusu, ni dakika 110, kwa hiyo mgonjwa asafiri siku moja kabla. Dawa haimsubiri aliyekwama kwenye foleni Changamwe.

Machache yanayojitokeza mara moja moja

Kipimo cha tumbo kumwaga chakula, kwa mlo wa yai lenye dawa, hubadilika baada ya kukatwa tumbo au vagasi, mshipa wa fahamu wa tumbo. Chakula kikibaki tumboni chini ya asilimia 30 baada ya saa 1, tumbo linamwaga kwa kasi mno. Kikizidi asilimia 10 baada ya saa 4, linakawia.

Vinundu tumboni kwa mtu aliyetolewa bandama baada ya ajali huenda ni vipande vya bandama vilivyomwagika na kuota. Chembe nyekundu zilizopashwa joto la sentigredi 49 hadi 50 kisha kutiwa teknetiamu hukimbilia hasa tishu ya bandama. Kinundu kikiwaka, hakihitaji kisu.

Titi lililowahi kufanyiwa upasuaji linaweza kupeleka limfu kwapa la pili au nyuma ya kidari. Unapotafuta tezi ya kwanza kupokea limfu ya titi, piga pande zote mbili.

Doa limebaki na hakuna jibu

Anza na SPECT pamoja na CT ya eneo hilo siku ileile, dawa ikiwa bado mwilini. Kisipotosha na mgonjwa ni mtulivu, rudia baada ya wiki 6 hadi miezi 3, kwa kamera ileile na kiasi kilekile cha dawa: kinachopona hufifia, ugonjwa hukua. Kama kuna skani zaidi ya moja za kupangwa, ya teknetiamu itangulie na iodini-131 ije mwisho, kwa sababu nusumaisha yake ni siku 8 na mionzi yake yenye nguvu itachafua kila picha itakayofuata kwa wiki kadhaa.